Mfupa upi unaosema mwenyewe alitembea kwa miguu miwili?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari huko Tukuyu: "Tukifika kwenye mada ya mageuko, wanafunzi wangu wa kidato cha nne hung'ang'ania jambo moja. Ukiokota mfupa wa kale, utajuaje kama mwenyewe alitembea kwa miguu miwili au minne? Na kwa nini sokwe anaweza kusimama wima, lakini akianza kutembea hivyo anayumba? Maabara yetu ina kiunzi kimoja cha plastiki cha binadamu, na mifupa ya mbuzi tunaipata buchani. Vitabu vingi vinaanza na fuvu. Nami nianzie hapo?"

Mwalimu, habari za Tukuyu. Ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye fuvu. Anzia kwenye nyonga, ushuke gotini na kwenye unyayo, kisha upande mgongoni. Fuvu liache mwisho. (Nikisema sokwe hapa namaanisha sokwe mtu, yule wa Gombe na Mahale. Gorila nitamtaja kwa jina lake.)

Kusimama wima peke yake si jambo gumu. Sokwe anasimama, dubu anasimama, hata mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma akifuata majani ya juu. Jambo gumu ni kusimama kwa mguu mmoja, tena ukiwa mwendoni. Hesabu mzunguko mzima wa hatua, tangu kisigino cha kulia kiguse chini mpaka kiguse tena. Katika mwendo wa kawaida, muda ambao miguu yote miwili iko chini ni kama asilimia 20 tu. Asilimia 80 iliyobaki mwili mzima umebebwa na mguu mmoja, kwa zamu. Mnyama wa miguu minne hakabiliwi na hilo, maana akiinua mguu mmoja bado ana mingine ya kumshikilia pande zote. Kwa hiyo mbele ya mfupa wowote ulio chini ya kiuno, waulize wanafunzi hivi: je, mfupa huu umejengwa kubeba mwili juu ya mguu mmoja bila mwenyewe kuangukia upande? Wakilishika hilo, orodha ndefu ya tofauti haitakuwa mzigo wa kukariri, kwa sababu karibu kila kipengele chake kinatokana na hapo.

Sasa nyonga. Nunua fupanyonga la mbuzi, lichemshe kwa moto mdogo na sabuni ya unga kidogo mpaka nyama iachie, lisugue kwa mswaki mkuukuu, kisha lianike kivulini. Usiliweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani inakula mfupa na baada ya miezi michache utaanza kumeguka kama chaki. Jambo lingine litakalokusumbua ni umri. Mbuzi wengi wa buchani ni wachanga, na ukiwachemsha, ncha za mifupa mirefu hubanduka pale kwenye gegedu la ukuaji. Usizitupe. Zigundishe mahali pake, la sivyo wanafunzi watadhani fupapaja la mbuzi halina kichwa.

Likiwa mezani, fupanyonga la mbuzi linaonyesha vipande viwili virefu, vyembamba, vinavyolala sambamba na uti wa mgongo. La sokwe nalo ni refu. Mabawa yake, yaani ile sehemu pana ya juu, ni bapa, yanapanda mpaka karibu na mbavu za mwisho, na uso wake mpana unatazama nyuma. La binadamu ni fupi na pana. Mabawa yamegeukia pembeni na kujikunja kuelekea mbele, likawa kama bakuli lisilo na kitako. Ukimpa mwanafunzi picha za mafupanyonga haya matatu bila majina, atayatenganisha kwa dakika moja. Kazi ni kumfanya aeleze kwa nini yako hivyo.

Sababu ni misuli miwili ya tako, ule wa kati na ule mdogo. Yote miwili hushika kwenye uso wa nje wa bawa na kuteremka hadi kwenye kifundo cha fupapaja kinachotokeza pembeni mwa paja. Kwa sokwe, kwa kuwa bawa linatazama nyuma, misuli hiyo iko nyuma ya kiungo, na ikijikunja inavuta paja kwenda nyuma. Hilo linamfaa sana anapopanda mti. Kwa binadamu bawa limegeuka, kwa hiyo misuli ileile iko pembeni mwa kiungo na kazi yake imebadilika: inashikilia nyonga isilale upande ule ambao mguu umeinuliwa.

Hili linaweza kuguswa kwa mkono darasani. Mwanafunzi asimame wima, aweke ncha za vidole pembeni mwa kiuno, chini ya ukingo wa nyonga na juu ya kile kifundo cha paja, usawa wa mshono wa suruali au sketi. Sasa ainue mguu wa kushoto polepole. Upande wa kulia, chini ya vidole, msuli utakakamaa papo hapo. Akiurudisha mguu chini, unalegea. Wengi hukosea kwa kuweka vidole nyuma sana, juu ya msuli mkubwa wa tako. Huo hausemi chochote wakati huu, maana kazi yake huonekana zaidi katika kukimbia, kupanda na kuinuka kutoka kukaa. Kosa la pili ni kuegemea ukuta au meza. Ukishika kitu, msuli wa pembeni hauna kazi, nawe utadhani jaribio limeshindikana.

Msuli huo unavuta kwa nguvu kubwa. Uzito wa mwili uko mbali na kiungo cha nyonga, na msuli uko karibu nacho, kwa hiyo msuli hauna budi kuvuta zaidi ya uzito wenyewe ili mwili usawazike. Kiungo kinabeba jumla ya vyote viwili: kama mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, kichwa cha fupapaja lake kinabeba kilo 150 hadi 180. Ndiyo maana kichwa hicho kwa binadamu ni kikubwa kulinganisha na mwili. Ndiyo maana pia shingo ya fupapaja ukiikata na kuitazama ndani, gamba gumu la mfupa ni nene upande wa chini na jembamba upande wa juu. Kwa sokwe gamba hilo ni nene karibu pande zote. Mfupa hujijenga pale unapobanwa, kwa hiyo hata kipande cha shingo kilichovunjika kina la kusema kuhusu mwendo wa mwenyewe.

Hapo jibu la kuyumba linapatikana. Sokwe akiinua mguu mmoja hana msuli wa pembeni wa kushikilia nyonga. Njia anayobaki nayo ni kuutupa mwili mzima juu ya mguu ulioko chini, kisha kuutupa tena upande wa pili. Binadamu ambaye misuli hiyo imepooza, kwa polio au kwa jeraha la neva, nyonga yake hushuka upande wa mguu ulioinuliwa, naye huegemeza kiwiliwili ili kufidia. Madaktari wana kipimo cha kusimama kwa mguu mmoja kwa ajili ya kulitambua tatizo hili, kilichopewa jina la daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg. Mwalimu, darasani au kijijini huenda yupo mtu mwenye hali hiyo. Eleza utaratibu wa misuli, na usiruhusu mtu yeyote afananishwe na mnyama.

Sokwe ana shida ya pili, na hii wanafunzi huiona kwenye video bila kuiwekea jina: hanyooshi magoti wala nyonga. Ule mfupa wa makalio, tunaoukalia, kwake ni mrefu na umeelekea chini. Misuli ya nyuma ya paja inayoanzia hapo ina nguvu sana paja likiwa limekunjwa, kama anapokwea. Paja likinyooka hadi kuwa mstari mmoja na kiwiliwili, misuli hiyo inapoteza karibu nguvu yote ya kuvuta. Kwa hiyo anatembea amejikunja, na gharama yake ni kubwa. Mwambie mwanafunzi asimame wima, alegeze mapaja, kisha ashike pia ya goti kwa vidole viwili aisogeze kushoto na kulia. Inacheza, kwa sababu msuli wa mbele wa paja umepumzika na mifupa yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Sasa akunje magoti kidogo tu. Pia hiyo ya goti inakaza na haisogei. Abaki hivyo dakika moja na mapaja yatamwaka. Sokwe akitembea kwa miwili, hivyo ndivyo anavyofanya kazi muda wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowatembeza sokwe watano kwenye mashine ya kutembelea na kupima hewa waliyovuta, ulionyesha kuwa binadamu akitembea hutumia nishati pungufu kwa kama asilimia 75 kuliko sokwe, awe sokwe huyo anatembea kwa miwili au kwa minne.

Tushuke gotini. Kwa maoni yangu, ukiniambia nichague kipande kimoja tu cha mfupa uliovunjika, nitachagua ncha ya chini ya fupapaja. Nyonga zetu ni pana, lakini unyayo lazima utue karibu na mstari wa katikati ya mwili, la sivyo kila hatua ingetupeleka pembeni. Fupapaja linatatua hilo kwa kushuka likielekea ndani: vichwa viwili viko mbali, magoti yanakaribiana. Pembe hiyo kwa mtu mzima huwa kama nyuzi 8 hadi 11. Kwa sokwe ni nyuzi 1 au 2, yaani paja linashuka karibu wima, na miguu yake inatua mbalimbali.

Kuipima, fungua fupapaja la kiunzi chako litoke kwenye nyonga na kwenye muundi. Usipime likiwa limening'inia. Viunzi vingi vya plastiki vimefungwa kwa skrubu zinazoacha miguu ining'inie wima na magoti yakitengana, kitu ambacho hakipo kwa mtu aliye hai, na wanafunzi wanakariri kosa la kiwanda. Tandika karatasi ya grafu mezani, simamisha kitabu kigumu kwenye ukingo wake kama ukuta. Laza mfupa chali, upande wake wa nyuma ukigusa karatasi, kisha usukume mpaka vile vifundo viwili vya ncha ya chini viguse kitabu vyote kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kifundo kimoja kinagusa, kingine kimebaki na mwanya wa milimita mbili, na pembe nzima inapotea. Weka alama katikati ya upana wa mfupa sehemu mbili, moja kwenye theluthi ya juu ya kigogo na nyingine kwenye theluthi ya chini, uziunganishe kwa mstari. Usichukue kile kifundo cha pembeni kule juu kuwa mwanzo wa mstari, kitakupa pembe ya uongo. Kisha chora mstari wa pili unaosimama nyuzi 90 juu ya ule ukingo wa kitabu, na upime kwa protrakta nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili. Kama unatumia picha badala ya mfupa, hakikisha haikuvutwa upande mmoja wakati wa kuchapishwa. Picha iliyopanuliwa kwa upana tu inaongeza nyuzi kadhaa.

Pembe hii haizaliwi nasi. Mtoto mchanga hana, na inajitokeza miaka ya kwanza ya kutembea. Mtu ambaye hakuwahi kutembea tangu utotoni, fupapaja lake hubaki limenyooka. Kwa hiyo ukiikuta kwenye mfupa wa kale umepata kumbukumbu ya jambo ambalo mwenyewe alilifanya maishani mwake, tangu udogoni. Sijui kipengele kingine cha kiunzi kinachosema wazi kiasi hiki.

Ina madhara yake pia. Kwa kuwa paja limeinama, msuli wa mbele unapokaza huivuta pia ya goti kwenda nje, na ingeteleza kama si ukuta mdogo wa mfupa ulioinuka upande wa nje wa mfereji wake. Upapase kwenye kiunzi: kingo ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Kwa sokwe mfereji huo ni wa kina kifupi na kingo zake zinakaribia kulingana. Mwaka 1973 Donald Johanson, mtafiti wa mabaki ya kale kutoka Marekani, alipata goti huko Hadar, Ethiopia, lenye umri wa kama miaka milioni 3.4. Lilikuwa ncha ya chini ya fupapaja na ncha ya juu ya muundi tu, lakini pembe ilikuwapo, na hapo ikajulikana kwamba viumbe wa wakati ule walitembea wima. Mifupa ya Lucy, kiunzi mashuhuri cha mtembea wima wa kale, ilikuja mwaka uliofuata, 1974, mahali hapohapo.

Unyayo una mifupa 26, na mvuto wa somo hili ni mkubwa kiasi kwamba watu hupotea ndani yake. Wewe shikilia mambo matatu. La kwanza ni dole gumba. Kwa sokwe limetengana na vidole vingine na linashika tawi, na kiungo cha chini yake ni cha mviringo, kinatazama ndani. Kwetu limepangwa sambamba na vingine, kiungo ni bapa na kinatazama mbele. La pili ni kisigino, ambacho kwetu ni kipana na kinene kwa sababu ndicho kinachopokea pigo la kila hatua. La tatu ni ugumu wa katikati. Sokwe akiinua kisigino, unyayo wake hukunjika katikati, na nguvu ya kusukuma inapotelea hapo. Wetu unakaa kama kitu kimoja mpaka vidole vinapobonyea, na vidole vyenyewe ni vifupi na vimenyooka, ilhali vya sokwe ni virefu na mifupa yake imepinda.

Wanafunzi watapenda kulowesha miguu na kukanyaga sakafu ya saruji ili waone uvungu wa unyayo. Waache wafanye, ila waambie mapema kwamba wapo watakaoacha alama iliyojaa bila uvungu, na wanatembea vizuri kabisa. Alama ya maji inaonyesha nyama na mafuta pamoja na mfupa, haitoshi kuamua umbo la mifupa.

Mgongo wa mtoto mchanga una mkunjo mmoja tu, kama wa sokwe. Anapoanza kuinua kichwa shingo inapinda, na anapoanza kukaa na kusimama kiuno nacho kinaingia ndani. Matokeo yake ni kwamba kitovu cha uzito kinakaa juu ya nyonga na miguu, badala ya mbele yake. Pingili za kiuno kwa binadamu huwa 5. Kwa sokwe huwa 3 au 4, na za mwisho zimebanwa kati ya yale mabawa marefu ya nyonga, kwa hiyo kiuno chake hakiwezi kupinda kuelekea ndani hata akitaka. Panga pingili za kiunzi chako mezani kuanzia shingoni hadi kiunoni utaona zinavyonenepa kadiri zinavyoshuka, maana kila moja inabeba yote yaliyo juu yake. Mama anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani anautumia mpangilio huu hadi mwisho: mzigo unashuka kwa fuvu, shingo, kiuno, nyonga na goti karibu katika mstari mmoja. Pingili ya mwisho ya kiuno ndiyo inayolipa, kwani imekaa juu ya mteremko wa sakramu, ule mfupa wa pembe tatu ulio kati ya mabawa ya nyonga, na ndiyo maana maumivu mengi ya mgongo huanzia hapo.

Sasa fuvu, ambalo vitabu vinalipenda. Chini ya fuvu kuna tundu kubwa ambamo ugwemgongo unapita. Kwa binadamu liko karibu na katikati na linatazama chini, kichwa kikae juu ya mgongo. Kwa sokwe liko nyuma zaidi na limeinamia nyuma. Ni kweli, na ni dalili nzuri, lakini ina mtego: kwa mtoto wa sokwe tundu hilo liko mbele zaidi, na hurudi nyuma taya linapokua. Fuvu la Taung, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, lilikuwa la mtoto. Raymond Dart, mtaalamu wa anatomia, alitumia tundu lake kudai kwamba kiumbe yule alitembea wima, na wataalamu wengi wa wakati ule hawakumkubalia. Mwaka 1947 fupanyonga la kiumbe wa aina hiyohiyo lilipopatikana Sterkfontein, hukohuko Afrika Kusini, fupi na pana, ndipo ubishi ulipokwisha nguvu. Dart alikuwa sahihi, lakini nyonga ndiyo iliyomtetea.

Kuhusu mikono, mwambie mwanafunzi apime urefu wa mfupa wa mkono wa juu na wa kigasha, ajumlishe. Afanye hivyo kwa fupapaja na muundi. Agawe ya mkono kwa ya mguu, azidishe kwa 100. Mfano wa hesabu: sentimita 31 na 24 ni 55, sentimita 43 na 36 ni 79, jibu ni 70 hivi, na hapo ndipo binadamu alipo. Sokwe ni kama 106, gorila kama 116, orangutani hufika karibu 140. Sokwe na gorila wanapotembea kwa minne hawakanyagi kiganja. Wanakunja vidole na kubeba uzito juu ya mgongo wa pingili za kati za vidole, na mifupa ya kiganja chao ina tuta dogo kwenye ncha, upande wa nyuma, linalozuia kiungo kisijipinde kupita kiasi. Kwetu tuta hilo halipo.

Hapa naomba uwe mwangalifu na mifupa yako ya mbuzi. Mbuzi anakufundisha miguu minne, lakini hakufundishi sokwe. Anasimama juu ya ncha za vidole vyake viwili, zenye kwato. Kile ambacho wanafunzi wote hukiita goti lililopinda kuelekea nyuma ni kifundo cha mguu na kisigino chake, na goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Wafanye walitafute kwa kufuata mifupa kutoka nyonga kwenda chini, watalipata bila kuambiwa.

Kwenu Rungwe mnaye pia kipunji, aliyeingizwa rasmi katika sayansi mwaka 2005 baada ya watafiti kumkuta kwenye misitu ya mlima wenu. Huyo si sokwe. Ana mkia mrefu, na kama nyani na tumbili wengine, kifua chake ni chembamba kutoka ubavu hadi ubavu, na ule mfupa bapa wa bega uko pembeni. Sokwe na sisi tuna kifua kipana, mfupa wa bega uko mgongoni, mkono unazunguka hadi juu ya kichwa. Kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda juu tunafanana na sokwe kuliko sokwe anavyofanana na kipunji. Tofauti kubwa kati yetu na sokwe, ukiacha ubongo, taya na mikono, imekaa kiunoni kwenda chini. Wala usiwaambie kwamba sokwe ni hatua tuliyopitia. Yeye na sisi tuna babu mmoja wa mbali, na mwendo wake wa kukanyagia vidole vilivyokunjwa ni ujuzi kamili wa kwake.

Je, mfupa mmoja unatosha? Mara nyingine. Ardipithecus ramidus, kiumbe wa kale wa Ethiopia, wa miaka milioni 4.4 iliyopita, alikuwa na fupanyonga ambalo sehemu ya juu imefupika kama ya mtembea wima, na dole gumba la mguu linaloshika tawi. Ungepata dole peke yake ungesema huyu ni wa mitini tu. Laetoli, huku kwetu Tanzania, kuna ushahidi usiohitaji mfupa kabisa: mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilifukua njia ya nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.66, yenye urefu wa mita 27 hivi, iliyokanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Kisigino kimezama, dole gumba liko sambamba na vidole vingine. Nyayo nyingine zilipatikana hapohapo na kutangazwa mwaka 2016 na kikosi kilichokuwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nyanda zetu za juu kusini bado zinadaiwa miguu. Bonde la Ufa la Rukwa limetoa Rukwapithecus, aliyetangazwa mwaka 2013, mmoja wa viumbe wa kale kabisa wanaojulikana wa ukoo mpana wa sokwe, gorila na binadamu, wa miaka milioni 25. Kilichopatikana ni kipande cha taya la chini chenye meno. Ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, mwaka 1991 lilipatikana taya la binadamu wa kale la kama miaka milioni 2.4. Hilo pia ni taya tu. Isimila, kule Iringa, sifa yake ni zana za mawe. Taya linasema alikula nini na ni wa ukoo gani, halisemi alitembeaje, kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza Rukwapithecus alitembea vipi, jibu sahihi ni kwamba taya hilo peke yake haliwezi kutuambia.

Na kama mmoja wao ataona mfupa mzito kama jiwe umejitokeza kwenye korongo baada ya mvua, asiuchimbue. Kufukua kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na zaidi ya hilo, mfupa uliong'olewa kwenye tabaka lake hupoteza umri wake, kwa sababu umri husomwa kwenye udongo na majivu yanayouzunguka. Apige picha akiweka rula pembeni, moja ya karibu na nyingine inayoonyesha korongo zima, aandike mahali na upande wa mteremko, aufunike kwa udongo mwepesi, kisha wewe upeleke taarifa kwa ofisa utamaduni wa halmashauri ili iifikie Idara ya Mambo ya Kale. Ukiwa ni ncha ya chini ya fupapaja, hata yenye urefu wa kidole tu, sisitiza ifike haraka.